Mzigo wa Safari ya Mlimani

Somo: Wagalatia 6, mstari wa 2 na wa 5



Masika yanapokwisha na kusi kuanza kuvuma, vijana wa sharika zetu za Tanga huanza kuuliza habari za safari ya mlimani. Wala hatuwashangai. Sisi tukaao pwani, siku isiyo na mawingu twaiona milima ya Usambara imesimama upande wa magharibi, na mtu ambaye hajaikanyaga huitamani. Tena milima ile ina habari zake katika kazi ya Injili. Mwaka 1848 Krapf alifika Vuga kwa mfalme Kimweri, na mwaka 1891 Johanssen na Wohlrab walianza kazi huko Mlalo. Hao wote walipanda kwa miguu yao. Basi kijana akituambia, "Nataka kupanda," twamjibu, "Vema." Lakini swali lake la pili, "Nichukue nini?", ndilo lenye mafundisho mengi. Leo twataka kulijibu, kwanza kwa habari ya shanta, kisha kwa habari ya roho. Maana sisi wenyewe tulifundishwa la roho kwa njia ya shanta, tena kwa aibu.

Katika sura moja Mtume Paulo atoa maneno mawili ambayo msomaji wa haraka ataona yanapingana. Katika mstari wa pili awaagiza Wagalatia wasaidiane kubeba yale yanayowalemea, kwa kuwa hivyo ndivyo sheria ya Kristo inavyotimizwa. Nao mstari wa tano wasema kwamba kila mmoja analo la kwake la kubeba, wala hatalibebewa na mwingine. Je, tubebeane, au kila mtu abebe lake? Mtu aliyewahi kufunga mzigo na kupanda mlima nao atalipata jibu upesi.

Tuanze na lile la kila mtu.

Bwana wetu, katika Luka 14, aeleza habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza huketi chini ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na wapita njia. Wako Wakristo wanaodhani kwamba kujiandaa sana ni upungufu wa imani. Sivyo. Anayeketi na kuhesabu amekiri kwamba mlima ni mrefu na yeye ni mfupi, na kukiri hivyo ni mwanzo wa unyenyekevu.

Basi na tuhesabu. Kutoka Tanga twapita Muheza na Korogwe kwa gari hata Mombo. Hapo barabara huiacha nchi tambarare, hupanda kwa kona nyingi kupitia Soni, na baada ya kilomita 33 hivi hufika Lushoto, mahali palipo mita 1,400 hivi juu ya bahari. Kutoka Lushoto twaenda kwa miguu: siku ya kwanza twapita katika msitu wa Magamba hata Lukozi, siku ya pili hata Rangwi, siku ya tatu hata Mtae, kwenye ukingo wa mlima, ambapo nchi hukatika ghafula na mtu huona mbuga ya Mkomazi chini yake na milima ya Upare ng'ambo. Ni siku tatu za kupanda na kushuka, na kwa anayekwenda mara ya kwanza si mchezo.

Jambo la kwanza ni miguu. Viatu vipya havifai kwa safari. Mwenye viatu vipya huhesabu malengelenge badala ya kilomita. Vaa viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu wako, chukua soksi jozi tatu, na kata kucha kabla ya kuondoka, kwa sababu katika kushuka vidole husukumwa mbele. Tena anza mazoezi majuma sita kabla. Vijana wetu hutembea toka mjini hata Amboni na kurudi, kwanza mikono mitupu, kisha na shanta lenye kilo tano za mahindi, kisha kilo kumi. Asiyeweza kufika Amboni na mzigo asijidanganye kwamba ataweza Rangwi.

Jambo la pili ni uzito. Wenye ujuzi wa mambo haya hushauri kwamba mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mchukuzi. Kijana wa kilo 50 asichukue zaidi ya kilo kumi, maji na chakula vikihesabiwa pamoja. Tunajua kwamba wapagazi wa zamani waliotoka pwani walibeba mtumba wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, juu ya kata kichwani au begani. Lakini hao walikuwa watu walioikomaa kazi hiyo, na wengi wao walikufa njiani. Tuwaheshimu, tusijifanye wao.

Jambo la tatu ni vitu vyenyewe. Blanketi zito au mfuko wa kulalia, sweta la sufu, koti la mvua, kofia ya kufunika masikio, nguo kavu za kulalia zisizovaliwa mchana kabisa, chupa mbili za maji, tochi, kiberiti, kisu, dawa na bandeji, chumvi, na posho ya siku zote pamoja na siku moja ya ziada. Mtu wa Tanga huliona sweta kuwa kichekesho. Lakini usiku wa Juni na Julai kule juu si usiku wa Tanga. Ukungu huingia mpaka ndani ya nyumba, na jasho la mchana hugeuka kuwa barafu mgongoni.

Jambo la nne ni kupanga. Vitu vizito huwekwa karibu na mgongo, na vile utakavyovihitaji njiani huwekwa juu. Blanketi na nguo za kulalia hufungwa ndani ya kitu kisichopitisha maji. Kisha lifungue shanta lako usiku ule ule, utoe vitu vyote, na ujiulize kwa kila kimoja: "Nikikiacha, nitaumia?" Kama jibu ni hapana, kiache nyumbani.

Kwamba kujiandaa kwafaa, historia ya mlima mkubwa kuliko yote katika Afrika yashuhudia. Mwaka 1887 Hans Meyer alipanda Kilimanjaro, akaifikia barafu, akarudi kwa sababu hakuwa na vifaa vya kuipanda. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller. Safari hiyo alikuwa amepanga chakula kipandishwe toka Marangu hata kambi za juu, ili njaa isiwashushe. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa juu, nguvu zikawaishia, wakashuka kambini. Lakini kwa kuwa posho ilikuwako walipumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Tena na tusisahau jambo moja. Katika kambi yao ya juu, mita zaidi ya 4,000, alikuwapo mtu wa pwani yetu hii hii, Mwini Amani wa Pangani, aliyeilinda kambi katika baridi kali wakati wenzake wawili walipokuwa barafuni. Kilele kina majina mawili vitabuni. Lakini kama moto wa kambi ungezimika, huenda majina hayo yasingeandikwa.

Hayo yote ni furushi, yaani lile la kila mtu. Sasa twafika kwenye aibu yetu.

Miaka kadhaa iliyopita tuliwachukua vijana kumi na wanne kwa safari ile ya Mtae. Tulijisifu kwamba tumejiandaa vizuri. Tuliandika orodha ndefu, tukaibandika kwenye mlango wa kanisa, na chini yake tukaandika kwa herufi kubwa kwamba asiyekuwa na vitu hivi vyote hataruhusiwa kusafiri. Siku ya kuondoka tulisimama nje ya kanisa tukiwakagua kwa macho. Kila mmoja alikuwa na shanta lililojaa. Tukaomba, tukaondoka.

Siku ya kwanza, katika msitu wa Magamba, yakatunyeshea manyunyu mchana kutwa. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Kati ya vijana wale alikuwako mmoja wa miaka kumi na saba, mpole, aliyelelewa na bibi yake. Tuliona kwamba anatembea upesi kuliko wote, na shanta lake kubwa halimlemei hata kidogo. Tulimsifu mbele ya wenzake. "Tazameni," tulisema, "huyu ndiye aliyefanya mazoezi."

Usiku wa pili tulilala katika nyumba ya mama mmoja Msambaa. Kabla ya mapambazuko kijana mmoja alitujia mbio, akasema, "Wazee, njooni, mwenzetu hasemi vizuri." Tulimkuta yule mpole amejikunja ukutani katika nguo zake za mchana, zenye majimaji bado. Alikuwa ametetemeka usiku kucha, na sasa alikuwa ameacha kutetemeka, jambo ambalo ni baya zaidi. Tulimwita kwa jina lake, naye alijibu maneno yasiyoshikana, kama mtu aliyelewa.

Tukalifungua shanta lake tutafute blanketi. Ndani yake tulikuta kanga moja ya bibi yake, Agano Jipya, kibunda cha mihogo iliyochemshwa, na vingine vyote, toka chini hata juu, vilikuwa makumbi ya nazi.

Ndugu wapendwa, tulikaa kimya. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hakuwa na blanketi, wala bibi yake hakuwa nalo. Alikuwa ameisoma orodha yetu mlangoni na lile neno letu la herufi kubwa. Alitamani kwenda na wenzake, akaona haya kusema, akaenda kukusanya makumbi, akalijaza shanta ili lifanane na mengine. Nasi tukamsifu kwa wepesi wa miguu.

Yule mama alitufundisha kazi. Alituambia tumvue nguo zote zenye maji, tumfunge mablanketi, wenzake wawili walale ubavuni mwake, mmoja huku na mmoja huku, tusimsugue mikono na miguu wala tusimsogeze karibu mno na moto. Ndivyo waganga wa hospitali wafundishavyo hata leo: mwili uliopoa hupashwa moto polepole, kifua kwanza, mgonjwa hapewi pombe kamwe, na akiweza kumeza vizuri, hapo ndipo hupewa kinywaji cha moto chenye sukari. Jua lilipopanda alianza kutetemeka tena, tukamshukuru Mungu kwa kutetemeka kule. Saa nne alikunywa uji. Neno lake la kwanza la akili lilikuwa hili: "Msimwambie bibi."

Tulipokuwa tukikusanya mablanketi ya kumfunika, tuligundua jambo jingine. Kijana mmoja, mtoto wa nyumba yenye nafasi, alikuwa na mablanketi mawili. Alilala juu ya moja na kujifunika la pili, hatua mbili tu kutoka kwa mwenzake. Hakuwa mtu mbaya. Alipoona kilichotokea alilia kuliko sisi sote. Alisema, "Hakuniomba." Naye alisema kweli. Lakini sisi nasi hatukuuliza.

Baada ya kurudi tuliketi na Maandiko, nayo sura ile ya Wagalatia ikatuhukumu. Kwa Kiyunani Paulo hatumii neno moja katika mistari ile miwili, nao watafsiri wa Biblia yetu ya Kiswahili waliliona hilo, wakaandika mizigo katika mmoja na furushi katika mwingine. Neno la mstari wa tano ni "phortion". Hilo ndilo neno linalotumika katika Matendo 27 kwa shehena ya merikebu iliyomchukua Paulo kwenda Rumi. Ninyi watu wa Tanga na Pangani mwajua maana ya shehena. Chombo kimeundwa kwa ajili yake, na chombo kisicho na shehena hutiwa farumi ili kisipinduke. Basi phortion ni kazi yako, wito wako, toba yako, imani yako. Hakuna atakayeamini kwa niaba yako, kama vile hakuna atakayekwenda Amboni ili miguu yako ipate nguvu. Hilo libebe, wala usimtupie ndugu yako.

Lakini neno la mstari wa pili ni "baros", nalo maana yake ni uzito unaogandamiza, uzito usiokadiriwa kwa mabega ya mtu mmoja. Njaa, msiba, ugonjwa, dhambi iliyomnasa mtu, umaskini unaomfanya kijana abebe makumbi: hizo ni baros. Tukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba kila mtu abebe lake, tumelitumia Neno la Mungu kama fimbo.

Tena liko neno la tatu, nalo lilituchoma zaidi. Katika Mathayo 23, mstari wa 4, Bwana awakemea waandishi na Mafarisayo wanaofunga mizigo na kuiweka juu ya mabega ya watu, nao wenyewe hawainyoshei hata kidole. Na hapo phortion na neno la Kiyunani la shina moja na baros yamewekwa pamoja: furushi limefanywa kuwa uzito wa kugandamiza. Ndivyo tulivyofanya sisi mlangoni pa kanisa. Blanketi ni furushi la haki. Kila msafiri yampasa kuwa nalo. Lakini sisi tuliandika amri, hatukunyosha kidole. Tuliligeuza furushi likawa baros, na mtoto akalificha chini ya makumbi.

Ni makumbi mangapi yaliyomo kanisani mwetu siku ya Jumapili? Mtu huja na uso wa furaha, na nyumbani hakuna unga. Mke huimba kwa sauti, na moyo wake umevunjika. Mzee wa kanisa hukaa kiti cha mbele, na imani yake imepoa tangu mwaka juzi. Twawaona wakitembea upesi, twawasifu. Kumbe wepesi wao ni wa makumbi. Usiku wa baridi ukifika ndipo twashtuka, na pengine tumechelewa.

Kwa nini watu hujaza makumbi? Kwa sababu wameisoma amri mlangoni, wakaogopa kufukuzwa. Dawa yake si kuiondoa amri, maana mlima ni baridi hata tukiifuta orodha yote. Dawa ni kumjua Yeye aliyesimama mlangoni. Katika Mathayo 11 Bwana Yesu awaita hasa wale waliolemewa. Hawaambii wakajaze mashanta yao kwanza ndipo waje. Naye asema kwamba mzigo anaoutoa yeye ni mwepesi, na hapo neno ni lile lile, phortion, furushi. Wawezaje kuwa mwepesi? Kwa sababu ule uzito wa kugandamiza, yaani hatia yetu, aliubeba mwenyewe mpaka juu ya mlima wake, kilima cha Golgotha, wala hapakuwa na wa kumfunika huko. Aliyekwisha kuondolewa hatia yake hana haja ya makumbi. Aweza kusema mbele ya ndugu zake, "Sina blanketi." Na mwenye mablanketi mawili aweza kutoa moja kabla ya kuombwa.

Basi, vijana wapendwa, orodha ingali mlangoni, tena ndiyo ile ile. Hesabuni gharama, zoezeni miguu, kaguaneni mashanta. Lakini lile neno la herufi kubwa tumelifuta. Mahali pake tumeandika kwamba mwenye upungufu aje kwa mzee wa kanisa jioni yoyote, peke yake, wala hataulizwa sababu. Nyuma ya madhabahu pana sanduku lenye mablanketi na masweta yaliyotolewa na washarika. Blanketi la kwanza katika sanduku lile lililetwa na yule kijana aliyekuwa na mawili. Na mwenye kulitunza sanduku, kulihesabu na kuligawa, ni yule yule aliyebeba makumbi. Amekwisha kwenda Mtae mara tatu tangu siku ile. Kabla ya kila safari humwendea kila kijana nyumbani kwao na kulinyanyua shanta lake kwa mkono wake mwenyewe. Likiwa jepesi mno, huuliza kwa upole.

Nasi wazee tujifunze kwake. Tusiwatazame ndugu zetu kwa macho tu toka mlangoni. Tuunyanyue mzigo, tuujue uzito wake.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyebeba yaliyotushinda, utupe nguvu za kubeba yaliyo yetu, utupe macho ya kuyaona yanayomlemea ndugu yetu, na mikono ya kumtwalia. Utuondolee haya inayoficha, na kiburi kisichouliza. Utufikishe sote mlimani kwako. Amina.